Kipimo cha Bi Mize

Haya yalimfika rafiki yangu Fakhriya, muuguzi, alipokwenda Kengeja kumkagua Bi Mize, mwosha maiti mkongwe aliyetoka hospitali.

"Mikono ananyanyua?" Fakhriya alimuuliza binti wa mgonjwa.

"Hata kidole hanyanyui tangu aruhusiwe," alijibu bintiye, akatoka kuchota maji.

Kwenye fomu, penye makadirio ya uhai, Fakhriya akaandika: wiki mbili.

Mlango ukajifunga. Chumba hakikuwa na dirisha. Alisukuma, akagonga, akaita. Nyuma yake kitambaa kikachanwa, chaaa, kisha vidole baridi vikampima shibiri kwa shibiri, kisigino hadi utosi.

"Simama wima, mwanangu."

Bintiye alipofungua, Bi Mize alikuwa amelala vilevile, mikono imelegea. Kifuani pake palikuwa na sanda mpya. Ilimzidi mno kikongwe yule. Ilikuwa ya kimo cha Fakhriya.