Bahari ya Ghorofa ya Tatu

Mtaa wa mafundi vioo siku hizi haupo tena, lakini waliowahi kuupita wanaukumbuka kwa sauti yake: kisu cha almasi kikikwaruza, kimya kifupi, halafu "tak", kipande kimeachia. Jumamosi palikuwa hapapitiki. Vioo viliegemezwa kila ukuta, na mtu akitembea pale alijiona akija, akajipita, akajiona akienda.

Hapo ndipo mfamasia mmoja alipokuwa akivuka barabara, gauni lake la manjano limemkaa vizuri, macho yote kwenye karatasi aliyoishika.

"Dada! Dada, kioo!"

Alisimama. Mbele yake aliona kijana mrefu mwenye shati la buluu na glavu za ngozi zilizokatwa vidole, amenyoosha mikono kama anayetaka kumkumbatia.

"Kioo kipi?"

"Hicho kilicho mbele ya pua yako."

Binti alinyoosha kidole, kikagota. Kweli, kilikuwepo kioo kikubwa kama mlango, kimefutwa mpaka kikatoweka.

"Utaumiza watu na usafi wako huu," alisema, aibu imemshika.

"Na wewe utanivunjia kazi na hiyo pua. Sogea kidogo, dada yangu, mikono inauma."

"Mraba!" alipaza sauti mama mmoja wa makamo aliyeuza makufuli mlango wa pili. "Mpishe mtoto wa watu, au unataka kumuuza pamoja na kioo?"

Mtaa mzima walimwita Mraba, kwa sababu hakuweza kuvumilia pembe iliyopinda. Hata ndala zake mlangoni alizipanga sambamba. Na yule mama walimwita Mama Kufuli, ingawa mdomo wake haukujua kufungwa.

Binti alimfuata fundi mpaka dukani, akamwonyesha karatasi. Alikuwa amechora sanduku la kioo, pande zote sawa, halina fremu wala kifuniko.

"Nimezunguka maduka yote, wananicheka. Nataka la kufugia viumbe vya baharini, nyumbani."

"Mchemraba," alisema Mraba, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto mchanga. "Hutaki pembeni tutie aluminiamu?"

"Sitaki."

"Karatasi ya buluu nyuma, ionekane kama bahari?"

"Sitaki."

"Hata kijumba cha plastiki, samaki wajifiche?"

"Fundi, nataka kioo, maji na jiwe moja. Samaki baadaye sana, tena wawili tu."

"Kwa hiyo kwa muda utakuwa unatazama kitu kitupu."

"Ndiyo."

Mraba alicheka mpaka Mama Kufuli akachungulia. "Wateja wangu wote wanataka niwaongezee. Wewe ndiye wa kwanza kutaka nikupunguzie. Nitakutengenezea."

Sababu yenyewe binti hakumwambia siku ile. Fundi aliiona mwenyewe alipokwenda kupima nafasi. Kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, mama yake binti alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani, amekabili dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Mama huyu alikulia mahali ambapo maji ya bahari yakitoka huacha madimbwi kwenye mawe, na ndani ya kila dimbwi kuna ulimwengu. Mumewe alipofariki, binti alimleta akae naye. Hakuwahi kulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza binti. Mtu anayelalamika unajua pa kumkuna. Basi akaona amletee mama yake japo dimbwi moja.

Mraba alitandaza gazeti sakafuni, akalikunja mpaka likawa sentimita arobaini na tano kila upande. Binti alisimama karibu akaonyesha kimo cha meza kwa kiganja.

"Hapana," alisema fundi. "Shikamoo mama. Nitazame mimi, usisogee." Akachuchumaa mbele ya kiti, akapima toka sakafuni hadi usawa wa macho ya mama. "Meza itafuata macho yake. Wewe una miguu, utainama."

Neno lile lilimwingia binti, na jioni nzima alijikuta akilirudia.

Kazi ilienda polepole. Mraba alisugua kingo mpaka zikawa laini kama utepe, akaunganisha kwa gundi ya silikoni, akaacha ikauke. Kisha akalijaza sanduku maji pale dukani, juu ya magazeti makavu, akawa anayapapasa kila asubuhi kama mzazi anayepapasa nepi. Siku hizo simu za mkononi walikuwa nazo wachache, hivyo alipiga kwenye simu ya duka la dawa.

"Halo, duka la dawa, habari za mchana?"

"Mbaya. Mimi mgonjwa."

"Unajisikiaje?"

"Moyo unaenda mbio kila ikifika saa ya chakula."

"Kunywa maji mengi."

"Ya chumvi au ya kawaida, Bi Chumvi?"

"Mraba, kuna wateja hapa!"

"Gazeti ni kavu, mpenzi. Halijapata hata tone. Nilitaka uwe wa kwanza kujua."

Neno "mpenzi" lilipita katikati ya sentensi kama mtu anayepenya foleni. Wote wawili walilisikia. Hakuna aliyelirudisha nyuma.

Sanduku lilipandishwa ngazi likiwa limevikwa mablanketi. Mraba aliona sakafu imeinama kidogo, akapiga randa mguu mmoja wa meza mpaka kiputo cha pima-maji kikatulia katikati. Yeye ndiye aliyebeba madumu ya maji yaliyochujwa, safari baada ya safari, akipanda anapiga mluzi, akishuka anatweta. Binti alipima chumvi kama anavyopima dawa. Taa moja, pampu moja ndogo. Mwisho likaja jiwe lenyewe, kutoka kwa muuza viumbe vya baharini, limefungwa magazeti mabichi. Lilikuwa jiwe hai, lenye matundu na madoa ya zambarau.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Alisogeza uso, akasema, "Kumbe limekuja na mgeni."

Alikuwa konokono, mdogo kama kifungo cha shati. Mama alimwita Mpangaji. Toka siku hiyo binti aliamka akimsikia mama sebuleni: "Mpangaji, umeamkaje? Kodi utalipa lini?"

Zilikuwa siku nzuri. Wakubwa wakizikumbuka siku kama hizo hutikisa kichwa bila kusema. Mraba alikuja jioni na shati lililopigwa pasi, wakakaa watatu mbele ya sanduku lenye jiwe moja na konokono mmoja, wakatazama kama watu walio kwenye sinema.

"Maji lazima yaive," binti alimweleza. "Kwenye jiwe kuna vijidudu hai visivyoonekana. Ndivyo vitakavyosafisha uchafu wa samaki. Kwanza vioo vitaota utando wa kahawia, vibaya kweli, kisha utaondoka wenyewe. Usiuguse. Unanisikia?"

"Nakusikia, laazizi."

Hakusikia kitu. Alikuwa akitazama midomo yake.

Kisha mwajiri wa binti akamtuma mji mwingine kufungua tawi jipya. Alikaa huko muda wa kutosha kuchoka kulala kitanda cha wageni. Aliporudi alipanda ngazi mbio, mkoba begani. Mlango ulifunguliwa na Mraba mwenyewe, amevaa shati jeupe, uso umejaa tabasamu.

"Funga macho, kipenzi."

Hakuyafunga, kwa sababu pua ilikuwa imemwambia. Sebule ilinuka dawa ya kufulia nguo nyeupe.

Mchemraba uling'aa kama dirisha la duka la saa. Jiwe lilikuwa jeupe kama mfupa.

"Umefanya nini?"

"Vilichafuka, mpenzi. Kahawia kila mahali. Nikasema urudi ukute aibu ile? Nimetoa kila kitu, nimesugua kwa brashi, nimetia dawa kidogo tu, nimesuuza mara nyingi. Maji mapya nimechota bombani, chumvi nimeweka kama unavyoweka."

"Na Mpangaji?"

Mraba aligeuka kulitazama jiwe. "Si amejificha mle ndani?"

Binti alilitoa jiwe, akaligonga taratibu kiganjani. Kikaanguka kigamba kitupu.

"Nilikwambia usiguse!"

"Mwanangu..." alianza mama kutoka kitini.

"Mama, subiri! Nilimwambia. Kazi ya miezi yote ameiua kwa brashi." Akamgeukia Mraba, sauti imeshuka, na iliposhuka ikakata zaidi. "Wewe unajua kioo tu. Hujui kupenda kitu bila kukifuta."

Mraba alikitazama kile kigamba. "Samahani," alisema. "Samahani, mama." Akachukua brashi yake akaenda mlangoni. Ndala za mama zilikuwa zimepishana pale chini. Aliinama, akaziweka sambamba, akatoka.

Simu ya duka la dawa iliita kesho yake saa ya chakula. Mfanyakazi mwenzake binti akapokea, akaziba kipaza sauti.

"Ni yako."

"Mwambie sipo."

"Anasema amekusikia ukisema hupo."

"Mwambie basi nipo, lakini sitaki."

Iliita siku kadhaa, ikaacha. Mwanzoni aliona afadhali. Baadaye, ikifika saa ya chakula, mkono wake ulijipeleka wenyewe karibu na simu, akawa anapanga vichupa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Nyumbani aliumwaga ule mchemraba, ukabaki mkavu mezani. Mama alirudi kutazama dirisha.

Siku moja binti alimletea chai, akamuuliza, "Mama, umemeza dawa?"

"Nimemeza." Mama alishika kikombe kwa mikono miwili. "Keti hapa. Wewe unadhani mimi nililia bahari?"

"Sijui, mama. Hukusema."

"Hukuniuliza. Unanipenda, najua, mwanangu. Unaniuliza nimekula, nimelala, nimemeza dawa. Siku ile kijana yule alikaa hapo sakafuni na brashi yake toka asubuhi. Akaniuliza, mama, maji yakitoka hubaki nini? Nikamwambia. Akauliza, ilikuwaje ulipokuwa mdogo, ulivaa viatu kwenye yale mawe? Baba yake huyu bintiyo ulikutana naye wapi? Nikamwambia kila kitu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Yeye anasugua, mimi naongea. Wote wawili tulikuwa tunamuua Mpangaji wala hatujui."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nisubiri. Nimesubiri." Mama akanywa chai. "Konokono tutapata mwingine. Wa kuniuliza maswali yale tutampata wapi?"

Jumamosi binti alivaa gauni la kijani, akalivua, akavaa la kahawia, akajiona anajichelewesha makusudi, akatoka. Aliogopa kitu kimoja: kwamba Mraba amekwishamtoa moyoni, kama alivyojua kutoa doa lolote.

Mtaa ulikuwa ule ule, watu wanasukumana. Lakini mbele ya duka la Mraba walisimama wawili watatu wakicheka. Mezani, pale alipoweka kazi yake bora ili wateja waione, palikuwa na kisanduku kilichoungwa kwa vipande vya kioo vilivyobaki. Kilikuwa kichafu ajabu. Ndani yake jiwe halikuonekana vizuri kwa utando wa kahawia. Juu yake kilisimama kibao cha boksi: USIFUTE.

"Umeona maajabu?" alisema Mama Kufuli, amejishika kiuno. "Fundi vioo anaonyesha watu uchafu! Wateja wanamkimbia. Juzi nimechukua kitambaa nimsaidie, kidogo aning'ate. Eti kuna viumbe mle. Binti, kama ni wewe umemloga, mfungue!"

Mraba alitoka ndani, kipande cha kioo mkononi. Alipomwona alikiweka chini kwa uangalifu mkubwa, ukutani, kama mtu asiyeamini mikono yake.

"Shati lako halijapigwa pasi," alisema binti.

"Halijapigwa."

"Hilo jiwe umelitoa wapi?"

"Kwa yule yule muuzaji. Nilimwomba anieleze upya. Wewe ulinieleza, lakini siku ile nilikuwa nakutazama tu, sikushika hata neno." Akakitazama kisanduku kwa uchungu wa kweli. "Kila asubuhi mkono unaniwasha. Nakipita, narudi, nakipita. Nimejifunza kukaa juu ya mikono yangu. Muuzaji amepima maji jana, anasema yameiva. Nilitaka nilete jiwe, niliache mlangoni, nishuke. Sikutaka kukusumbua."

"Mraba."

"Naam."

"Niliyokwambia siku ile hayakuwa kweli."

"Kiasi yalikuwa kweli."

"Kiasi," alikubali, wakacheka wote wawili, macho ya binti yameloa. "Mama anakuulizia. Mimi pia nakuulizia."

Mama Kufuli, kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule uanze, hakusema kitu. Aligeuka akaanza kupangusa makufuli yake.

Walitia jiwe kwenye ndoo pamoja na maji yake. Binti alifungua mwavuli akaikinga na jua, wakapita katikati ya watu, Mraba akitembea kama aliyebeba mtoto aliyelala. Walipofika chini ya ngazi alisimama.

"Nina neno, lakini inatakiwa mtu apige goti, na nikipiga goti maji yatamwagika."

"Basi liseme umesimama."

"Nataka unioe. Hapana, nimekosea. Nataka nikuoe. Umeona? Sina hata uhakika nani anamwoa nani. Nataka tukae nyumba moja, nikuudhi, unieleze upya, na safari hii nisikilize."

Binti alifunga mwavuli, akaushikilia kwapani, akashika mpini wa ndoo upande wa pili. Uzito ukagawanyika.

"Mama hajui kukataa," alisema. "Lakini kamuulize hata hivyo. Anapenda kuulizwa."

Wakaanza kupanda, hatua kwa hatua, kila mmoja akimwambia mwenzake apunguze mwendo, na huko juu mlango ukasikika ukifunguliwa kabla hawajabisha.