Mtego Kwenye Ukurasa wa Sweta

Kila jioni akitoka shuleni, Waringa alipitia dukani kwa mamake kabla ya kwenda nyumbani. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya Barabara ya Naivasha, mtaani Riruta. Mashine ya kufuma ilikaa katikati, uzi wa kila rangi ulirundikwa ukutani, na mlangoni palikuwa na kiti cha plastiki cha mteja. Mamake, Nyakio, alifuma sweta za shule. Waringa naye alikuwa na kazi mbili: kukunja uzi na kusikiliza wateja.

Naam, kusikiliza! Maana Waringa, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeandika tovuti ya duka hilo.

Mwanzoni aliandika vibaya, jamani. Alijaza ukurasa mzima, "Sweta Riruta, sweta bora, sweta nzuri, sweta Nairobi," akidhani kwamba mtambo wa kutafuta habari mtandaoni ungependa kuliona neno hilo mara nyingi. Hakuna mteja aliyekuja. Mwalimu Nthiwa wa klabu ya kompyuta aliusoma ukurasa huo akacheka mpaka akavua miwani.

"Waringa, nani atamaliza kusoma hii? Mimi nalipwa kusoma kazi zenu na bado imenishinda!" Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Mtu haingii mtandaoni kutafuta sifa za mamako. Anaingia kwa sababu ana swali. Andika swali lake vile anavyoliuliza mwenyewe, kisha mjibu upesi, kwa ukweli na kwa maneno ya kawaida. Msomaji akiridhika, mtambo nao utakuona."

Ndipo Waringa akaanza kutega masikio dukani. Mzazi akiuliza, "Hii haitarefuka mikono nikiifua?" Waringa alilishika swali hilo, akamuuliza mamake jibu, akapiga picha ya sweta na kuandika: "Mbona sweta ya mtoto hurefuka mikono ikifuliwa?" Watu wakasoma. Simu zikaanza kuingia kutoka Woodley, kutoka Kawangware, na siku moja kutoka Parklands. Huyo wa Parklands alikuwa Mwalimu Vaishali, aliyefundisha kwaya katika shule moja kubwa. Aliagiza sweta za rangi ya maruni za kwaya nzima, watoto wazivae kwenye tamasha la muziki.

"Madam huyu akiridhika," Nyakio alisema huku macho yakimng'aa, "mwaka ujao tutafumia shule yote. Tutanunua mashine ya pili, Waringa. Hebu fikiria!"

Waringa alifikiria, akafurahi. Furaha hiyo haikudumu. Alipotafuta makala yake kwenye simu ya mamake, ya kwanza kabisa kutokea ilikuwa tovuti ya Gichuru, mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Kichwa cha makala kilikuwa cha Waringa. Picha ilikuwa ya Waringa. Hata ile sentensi, "Mama yangu husema sweta iliyolowa usiishike mabegani," ilikuwa pale pale, kana kwamba mamake Gichuru ndiye aliyesema. Tovuti ya Gichuru ilikuwa ya zamani kuliko yao, kwa hiyo ilitangulia, na wateja wakampigia yeye.

Waringa alivuka barabara mbio. Gichuru alikuwa ameketi mlangoni akitafuna mahindi ya kuchoma. Mtu huyo hakujua hata kushika sindano. Alinunua sweta sokoni Gikomba akaziuza.

"Bwana Gichuru, yale maneno ya kwenye tovuti yako ni yangu!"

"Yako?" Gichuru aliangua kicheko. "Kwani maneno huuzwa duka gani? Nionyeshe risiti! Nenda ukafanye kazi ya shule, mtoto."

Wateja wake nao wakacheka. Waringa alirudi akiwa amefura, machozi yakimlengalenga.

"Achana naye," Nyakio alimwambia. "Andika makala nyingine."

Aliandika nyingine. Kesho yake Gichuru alikuwa ameiiba. Akaandika ya tatu, nayo ikaenda. Kila akilala alisikia kile kicheko. Alitaka Gichuru aaibike mbele ya watu, kama yeye alivyoaibishwa. Alitaka alie, hata kidogo tu. Akawaza mpaka akapata dawa yake.

Mwizi huyu hasomi anachoiba! Basi ataiba kitu cha kumfaa.

Jumamosi moja Waringa aliandika makala tamu kuliko zote: "Jinsi ya kutoa madoa sugu kwenye sweta ya shule." Chini yake akaeleza, kwa lugha safi kabisa: "Chemsha maji mpaka yatokote. Tumbukiza sweta, funika sufuria, iache ndani kwa muda. Kisha ianike kwenye kamba ikiwa bado inachuruzika." Mtu yeyote anayefuma angeshtuka kusoma maneno hayo. Uzi wa sweta za shule ukichemshwa hulegea, na sweta ikining'inizwa ikiwa na maji huvutika hadi magotini, wala hairudi tena.

Ilipofika jioni Gichuru alikuwa ameshaiba. "Kula!" Waringa alinong'ona akiitazama simu. "Kula ushibe!"

Alikuwa na nia ya kuifuta makala ile kwenye tovuti yao. Lakini akiifuta, si Gichuru atashtuka? Iache kidogo, akajiambia. Wateja wa Mama hawana haja ya kuisoma. Desturi ya Nyakio ilikuwa hiyo miaka yote: hakuna sweta iliyoingia mfukoni kabla hajamshikisha mteja na kumweleza kwa mdomo jinsi ya kuifua.

Wiki iliyofuata kisasi kilianza kulipa. Mama mmoja alifika dukani kwa Gichuru akipeperusha sweta yenye mikono mirefu ajabu. "Mtoto wangu ataivaa vipi hii? Anachekwa shule nzima! Wewe si ndiye uliyesema nichemshe?" Watu wakajaa. Gichuru aligugumia, akakosa pa kuangalia. Waringa alisimama mlangoni kwao akifaidi, tena bila haya. Hakuwa amewahi kuonja kitu kitamu kama aibu ya Gichuru. Alitamani waje wengine.

Wengine walikuja, ila si kwa Gichuru peke yake. Ijumaa gari jeupe lilisimama mbele ya duka la Nyakio, akashuka Mwalimu Vaishali na mfuko mkubwa. Hakusalimu. Alitoa sweta moja ya maruni akaiinua juu. Mikono ilining'inia kama nguo ya mtu mzima.

"Mama Waringa, nilikukosea nini?"

Nyakio aliacha mashine. "Ngai! Madam, umeifua vipi?"

"Vile mlivyosema! Watoto walimwagiwa chai wakati wa mazoezi. Siku dereva wangu alipokuja kuzichukua, ulimwambia maelezo yote yako kwenye tovuti. Binti yako ameandika kila kitu, ndivyo ulivyosema. Nimesoma, nimechemsha zote. Tamasha ni wiki ijayo!"

Akamsomea yale maneno kwenye simu, moja baada ya jingine. Mamake alikuwa amemtuma Madam kwenye ule ukurasa, kwa fahari ya binti yake.

"Hayo si maneno yangu," Nyakio alisema polepole.

"Jina la duka lako liko hapa juu."

Uongo ulikuwa tayari ulimini mwa Waringa. Aseme Gichuru ameingia kwenye tovuti yao akaandika mambo yake! Nani angekataa? Kila mtu alijua ni mwizi. Gichuru angemalizwa kabisa, Mama angeponea, na kisasi kingetimia. Alifungua kinywa.

Lakini mamake alikuwa ameichukua ile sweta, anaigeuza nje ndani, anakagua mshono kwa mshono, akijitafutia kosa. "Labda ni uzi," alisema. "Labda waliniuzia uzi mbovu. Madam, nitazifuma upya. Kosa ni langu."

"Si lako, Mama!" Waringa alipiga kelele. "Ni mimi. Niliandika uongo nikijua ni uongo. Nilimtegea Gichuru kwa sababu anatuibia."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, lakini Waringa alikuwa amemtumbukiza na mamake. Mwalimu Vaishali aliirudisha simu mkobani.

"Kwa hivyo watoto wangu ndio waliolipa deni la Gichuru," alisema. Kisha akamgeukia Nyakio. "Nitakuja Alhamisi. Nisipozikuta, nitatafuta fundi mwingine, na shule haitarudi hapa."

Gari lilipoondoka, Nyakio hakumpiga binti yake wala kumtukana. Afadhali angefanya hivyo. Alimpa simu tu. "Kabla hujagusa uzi, andika."

Waringa aliandika juu kabisa ya ukurasa: "Tulikosea. Hapa tulisema sweta ichemshwe. Ni uongo, na niliuandika mimi, Waringa, kwa hasira. Fua sweta kwa maji baridi, ikamue kwa upole, ianike ikiwa imelazwa. Kama uliharibu sweta kwa maneno yetu, ilete Riruta."

"Ongeza," Nyakio alisema. "Tutafuma mikono upya, hata kama hukuinunua kwetu."

"Hata ya Gichuru? Mama!"

"Yule mtoto anayechekwa shuleni ni Gichuru?"

Waringa aliinamia simu, akaanza kuyaongeza maneno hayo.

"Haya. Ukimaliza, vuka barabara umwambie mwenyewe aifute, kabla mtoto mwingine hajavaa mikono ya magotini."

Hiyo ilikuwa adhabu chungu kuliko kiboko. Kumwendea Gichuru! Alivuka akiwa ameuma meno. Duka la Gichuru lilikuwa na wateja, na miongoni mwao alikuwamo yule mama wa sweta iliyorefuka, bado akidai haki yake.

"Bwana Gichuru," Waringa alisema kwa sauti ya kusikika, "makala ya kuchemsha sweta ni ya uongo. Niliiandika mimi ili ukiiba ujikwae. Nisamehe. Tafadhali ifute, watu wanaumia."

Gichuru aliruka kutoka kitini. "Ulinitega? Mtoto mdogo hivi, unanitega mimi?"

"Ngoja kwanza," yule mama aliingilia. "Ameiandika yeye? Juzi si uliniambia ni utaalamu wako wa miaka mingi?"

Gichuru alirudi kitini. Angefoka vipi bila kukiri kwamba aliiba? Watu walikuwa wanamtazama, na safari hii hakuna aliyecheka naye. Alitoa simu akaifuta ile makala, kisha nyingine, kisha zote. Waringa alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa hamu kubwa. Ilipofika, alimwona yule mama ameikumbatia ile sweta iliyoharibika, na utamu wote ukamwishia.

"Nipe hiyo, mama," alimwambia. "Tutaitengeneza."

Siku zilizofuata hakucheza hata kidogo. Akitoka shuleni alifumua mikono ya sweta, akakunja uzi, akashona mabega mpaka vidole vikachubuka. Nyakio alifuma bila kuinua kichwa. Alhamisi Mwalimu Vaishali alipofika, sweta zote zilikuwa zimekunjwa mezani. Alizivuta moja moja, akachungulia mishono, akapima mikono kwa mkono wake.

"Jana nilitafuta mtandaoni jinsi ya kufua sweta hizi," alisema. "Sikutaka kuwauliza ninyi tena. Lakini jibu lililokuja mbele lilikuwa lenu, lile la 'Tulikosea.' Nilisoma majibu ya watu wengi siku hiyo. Hilo ndilo nililoliamini." Alifungua mfuko wake. "Shule nzima, sijui. Kwanza nizione hizi baada ya kufuliwa. Zikisimama, tutazungumza."

Nyakio alimshikisha sweta moja, akamweleza kwa mdomo, mwanzo hadi mwisho. Safari hii Waringa alisikiliza kila neno.

Walipobaki wawili, aliuliza, "Mama, bado umenikasirikia?"

"Sana." Nyakio aliketi kwenye kiti cha mteja akanyoosha mgongo. "Hata Gichuru nimemkasirikia. Alituibia, na si haki. Ungeweza kumshtaki kwa Mwalimu Nthiwa, kwa chifu, kwa barabara nzima, nami ningesimama nawe. Lakini anayesoma maneno yako hajui una ugomvi na nani, Waringa. Amekuja na swali lake, akakuamini. Ukimwambia achemshe maji, yeye anawasha jiko."