Saa Aliyozikwa Nayo Mzee Yonas

Haya yalimkuta jirani yetu Flavian wa Kasense, mtu wa kukusanya saa. Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya mjini yakajaa saa za betri, alizidharau zile za Uswisi alizozipenda ujanani. Baba yake, mzee Yonas, alipofariki, Flavian akasema, "Mzikeni na hilo lisaa lake kuukuu la Uswisi mkononi."

Miaka ikapita, betri zikafa, penzi la saa za Uswisi likamrudia mpaka halali. Akamfuata dada yake Fransiska.

"Dada, tukienda kujengea kaburi, tufukue kidogo tu."

"Ulimvisha kwa dharau, leo unataka kumvua? Wewe kaka huna haya."

Akaenda kaburini peke yake na jembe. Ulikuwa mchana, ila ukungu ulitanda kama giza, hata msalaba hauonekani. Alipoinama akasikia chini ya udongo: tik, tik, tik. Akalaza sikio. Mlio ukasuasua, ukakatika. Flavian akashusha pumzi.

Ndipo akasikia, kule kule chini, mtu anaitia saa ufunguo, polepole, kama mzee alivyozoea kila jioni: krr, krr, krr.