Nyumba Iliyopikwa Winguni

Saa tano asubuhi, siku ya mwisho ya kupeleka michoro ya zabuni, duka la kuchapa ramani lilikuwa limefurika hadi barazani. Wahandisi walinyoosha flashi juu ya vichwa vya wenzao, plota mbili zilitema karatasi ndefu kwa kelele, na harufu ya wino ilikuwa imeshika hata mapazia. Nyuma ya kaunta alisimama msichana wa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, vidole vyeusi hadi kwenye vifundo. Wateja walimwita Wino, na jina lake la nyumbani lilikuwa limebaki kwa mama yake tu.

Mbele yake akasukumwa kijana mmoja mrefu, mwembamba, aliyekumbatia kompyuta ya mkononi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa mchora ramani, na tangu chuoni wenzake walimwita Rula kwa urefu wake. Umati ukamsukuma tena, kompyuta ikagusa mkono wa Wino.

"Mama yangu!" Wino akaruka. "Hii kompyuta ina homa!"

"Samahani, dada. Inapika picha tangu jana asubuhi. Imefika asilimia tisini ikazimika. Hii ni mara ya tatu."

"Unapika picha au mawe?"

"Picha ya zahanati. Mteja hataki kuona mistari. Anataka jengo lenyewe, vioo viwake, vivuli vilale chini, kama mtu kasimama pale akalipiga picha. Saa nane anakuja, na mimi sina kitu."

"Sasa kwa nini unaipikia humo? Itume winguni."

"Dada, kichwa changu kiko mawinguni miaka yote, na hakijanisaidia."

Wino akacheka hadi mhandisi mmoja akalalamika kwamba foleni haiendi. Akamkabidhi mwenzake plota, akamvuta Rula nyuma ya kaunta, kwenye meza ndogo iliyobanwa na maboksi ya karatasi. Mambo hayo alikuwa amejifunza mwenyewe kwenye mtandao, siku ambazo duka lilikuwa tupu.

"Kwanza fungua akaunti. Weka barua pepe. Halafu nywila, na usiweke jina la mpenzi wako, watu huachana."

"Sina."

"Huna nywila au huna mpenzi?"

"Vyote viwili."

"Pole. Haya, pakia modeli yako. Huko mbali kuna kumbi zimejaa kompyuta. Zinagawana kazi yako vipande vipande, kisha zinakurudishia picha. Hii yako ipumzike, maskini."

Picha ya kwanza ilirudi baada ya dakika kumi. Kuta za zahanati zilimeremeta kama sufuria mpya, na mwanga ulitoka chini ya sakafu.

"Ukuta huu ni wa nini?" Wino aliuliza.

"Plasta."

"Umechagua chuma. Na jua lako linachomoza chini ya vitanda. Wagonjwa wataiva."

Wakaanza upya. Wino akamwonyesha jinsi ya kuchagulia kila kitu ngozi yake: plasta iwe plasta, kioo kiwe kioo, mbao ziwe na mishipa yake. Wakaliweka jua kwenye saa tatu ya asubuhi. Wakaishusha kamera ifike usawa wa macho ya mtu aliyesimama, "maana hapo ulipoiweka wewe, anayetazama ni kunguru." Wakatuma tena, wakasubiri bega kwa bega.

Ilipotimia saa saba na nusu, picha ikafunguka. Zahanati ilisimama imara kwenye mwanga laini, kivuli cha paa kikiwa kimelala juu ya benchi la wagonjwa. Rula aliisogelea. Alikuwa amechora majengo arobaini na moja katika miaka sita, na hakuna hata moja lililoinuka. Wateja walibadili mawazo, walihama, walikufa. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuona kazi yake imesimama, hata kama ilisimama kwenye kioo tu.

"Unalia?" Wino akamnong'oneza.

"Wino umeniingia machoni."

"Bado sijakuingia," akajibu, kisha akashtuka kwa alichokisema, akainama kutafuta karatasi ambayo haikuwepo.

Zahanati nayo haikujengwa. Lakini Rula alirudi dukani kesho yake, na kesho kutwa yake, na kila mara alikuwa na kijikaratasi kimoja tu cha kuchapa. Wiki ya pili Wino akamuuliza kama ofisi yao haina printa. Wiki ya tatu hakuuliza tena.

Simu zao zilikuwa za asubuhi, wakati kila mmoja akipiga mswaki.

"Umeamkaje, roho yangu?"

"Nimeamka na njaa ya kukuona. Leo unavaa nini?"

"Ile sketi ya maua uliyosema ina kelele."

"Sikusema ina kelele. Nilisema inaongea."

"Basi leo itakutukana."

Jumapili walikaa kwenye mteremko wa nyasi nje ya mji na kuhesabu mapaa. Rula aliishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya maseremala, na Wino alikuwa na chumba alichogawana na wasichana wawili. Hawakuzungumzia ndoa. Walijua wote wawili kwamba kuizungumzia ni kujiumiza.

Siku Wino alipotimiza miaka ishirini na tisa, Rula alimtumia picha. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, nyeupe, kwenye mteremko uleule wa Jumapili, maana alikuwa ameupiga picha kwa siri akaupandikiza nyuma ya modeli yake. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kamba ya nguo ilining'inia sketi ya maua, na upepo ulikuwa umeikamata pindo.

Simu ikalia papo hapo. "Laazizi, umenifanya nini? Nimepiga kelele dukani, watu wamedhani nimepigwa shoti!"

"Umeipenda?"

"Nimeshahamia. Nimeshagombana na jirani."

Kwa furaha ile ile akaituma picha kwa mama yake, aliyeishi mji mwingine, safari ya nusu siku. Akaandika maneno manne tu: *Mama, tazama nyumba yetu.* Kisha mteja akaingia na ramani za barabara, na Wino akasahau.

Mama yake alikuwa mjane, magoti yake mabovu, na alikuwa amepanga chumba kimoja cha juu kwa miaka ishirini na sita. Kila siku alishuka ngazi kumi na nane kufuata bomba la maji. Aliitazama ile picha hadi macho yakamuuma, akaenda kumwonyesha jirani, kisha jirani wa jirani. Siku ya tatu akampigia Rula, ambaye namba yake Wino alikuwa amempa mama tangu zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba nimeiona. Kile chumba cha chini, chenye dirisha kubwa, ni cha nani?"

Rula alicheka. Wino alikuwa amemwambia kwamba mama yake ni mtu wa utani. "Ni chako, mama. Cha nani tena?"

"Kina ngazi?"

"Hata moja."

"Na rangi imekauka?"

"Imekauka kabisa, mama."

Rula akasikia kilio kwenye simu. Mama mtu mzima alikuwa akilia na kumshukuru, akimwambia kwamba ameomba kwa miaka mingi apate kulala chini kabla magoti hayajakatika. Hapo ndipo Rula alipoelewa kwamba anaamini nyumba ipo. Alifungua mdomo aseme. Angesema tu, ingekuwa aibu ya dakika mbili. Lakini hakuna mtu aliyewahi kulia kwa furaha juu ya kazi yake, naye akazipokea shukrani.

Wiki iliyofuata mama akaomba kukiona chumba kwa ndani. Rula akajiambia kwamba anamfurahisha mgonjwa, haina madhara. Akakichora. Akaweka kitanda kifupi, pazia jembamba, na kivuli cha majani kwenye pazia. Akakituma winguni, kikarudi kizuri kupita kiasi, akampelekea. Kwa Wino hakusema. Kila asubuhi alipanga kumwambia, na kila asubuhi Wino alikuwa na furaha.

Siku moja ya Jumatano, teksi ilisimama mbele ya duka. Akashuka mama mmoja amevaa gauni lake la harusi za watu, akiegemea mkongojo, na dereva akamshushia mabegi mawili, godoro lililokunjwa na kioo cha kujitazamia kilichofungwa kwenye shuka.

"Mama!" Wino akaruka kaunta. "Kuna msiba?"

"Msiba gani, wewe? Nimehama. Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe, na mtu ameshaingia. Nipelekeni kwangu."

"Kwako wapi?"

Mama akatoa simu, akaonyesha kitanda, pazia, kivuli cha majani. Wino akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, na tarehe zake. Kisha akampigia Rula.

"Njoo dukani."

"Kuna nini, mpenzi?"

"Mama yuko hapa na godoro."

Rula alifika akikimbia. Mama alikuwa amekalishwa karibu na plota, mikono juu ya mkongojo. Alipomwona akatabasamu.

"Ndiye huyu? Mrefu kweli. Mwanangu, gari la kutupeleka lipo?"

Rula akapiga magoti palepale, kwenye vipande vya karatasi. "Mama, nyumba haipo."

"Haijaisha?"

"Haipo kabisa. Ni picha."

"Ndiyo, picha nimeiona. Picha inapigwaje ya kitu kisichokuwepo?"

Akajaribu kueleza. Modeli, kompyuta za mbali, mwanga unaohesabiwa. Kila neno lilimtoka dogo kuliko lililotangulia. Mama alimsikiliza kwa heshima.

"Na kile kivuli kwenye pazia?"

"Nilikiweka mimi, mama."

"Kwa nini ukaweka na kivuli?" akauliza taratibu.

Wino alimfuata Rula nje. "Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu tunaongea kila asubuhi."

"Niliogopa kumvunja moyo."

"Uliogopa kuacha kusifiwa. Mimi nilikosa kwa maneno manne, kwa kutokujua. Wewe ulijua, ukaenda ukamtandikia kitanda."

"Wino, nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma hivi. Nenda."

Mama alilala wiki mbili kwenye godoro lake kati ya vitanda vya wasichana watatu, akiomba radhi kila alipokohoa. Kisha kaka mkubwa wa Wino, fundi wa magari kwenye mji mdogo wa mbali, akakubali kumpokea, kwa sharti moja: Wino aje amuuguze mwenyewe, mke wake hataweza. Wino akaaga dukani. Wahandisi walimchapia kadi kubwa kama ramani ya uwanja wa ndege. Kwa Rula hakuaga.

Miezi minne Rula alipiga simu isiyopokelewa. Akaacha kuchora nyumba, akabaki na ramani za mifereji. Mwezi wa tano akaulizia dukani anakoishi kaka, akapanda basi.

Aliyemfungulia mlango ni mama mwenyewe, kwenye ukumbi mwembamba ulionuka grisi, ambako godoro lake lilikuwa limelazwa nyuma ya makochi.

"Mwanangu, umekonda. Umekula?"

Rula alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akaanza kulia, na mama akampapasa kichwa hadi akanyamaza.

"Nilikusamehe kwenye basi," alisema. "Ulitaka kunipa chumba. Wengine hata kutaka hawataki."

Wino akatokea jikoni, kitambaa begani. Walitazamana, na ilikuwa wazi kwa mama, na hata kwa kaka aliyekuwa akinawa mikono nje, kwamba hakuna kilichopoa.

"Njooni wote wawili," Rula alisema haraka. "Chumba changu ni kimoja, lakini ni cha chini. Nitalala karakana. Tuoane, mama atakuwa wetu. Sasa nasema kilichopo tu."

Wino akamtazama mama. Kwa muda mfupi uso wake ulifunguka kama wa siku zile.

Mama akatikisa kichwa. "Mimi sihami tena. Nilihama mara moja, mtaa mzima ukanisindikiza kwa vigelegele. Sasa wanacheka. Miguu hii haina safari nyingine. Lakini huyu asikae kwa ajili yangu. Binti, nenda na mumeo."

"Nani atakuinua asubuhi?"

Mama akalitazama godoro lake nyuma ya makochi. Nje, kaka akafunga bomba, akaenda zake.

Wino alimsindikiza Rula hadi kwenye kituo cha mabasi. Walitembea wameshikana mikono mchana kweupe, bila kujali watu. Vidole vyake vilikuwa safi sasa, vimechubuka kwa sabuni.

"Nitakusubiri," Rula alisema.

"Unasubiri nini, mpenzi wangu? Mama afe?"

Rula akapunguza mwendo, Wino akamvuta.

"Siku ile ya kwanza ya simu ungeniambia, ningecheka. Ningempigia, angecheka na yeye, angebaki kwenye chumba chake. Tungeoana kwenye chumba chako kimoja. Mimi nilikuwa tayari, Rula. Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

"Basi ndiyo ujue."

Basi likapiga honi. Akamkumbatia kwa nguvu, akamnong'oneza shingoni: "Usinipigie tena. Miezi minne niliweza. Sasa nikiliona jina lako nitapokea, na nikipokea nitakuja, na yeye atabaki chini pale mpaka jioni."

Akamsukuma apande. Hakungoja basi liondoke. Saa ya usingizi wa mchana ilikuwa imekwisha, na nyumbani mama alikuwa tayari ameanza kuita apewe mkono ainuke.