Miwani ya Andongwisye

Jumatano hiyo, jua likizama nyuma ya foleni ya malori, nilivuka mpaka kwenda Nakonde kuchukua miwani.

Si ya kusomea. Ni ile ya VR, inayofunika uso kama ya mtu anayetaka kuchomelea geti. Mdogo wangu Tumpale hushindana mbio za magari za kwenye kompyuta, bila kutoka sebuleni. Usukani ameufunga kwa bolti kwenye meza yangu ya chakula, pedali ziko chini, na wapinzani wako Mbeya, Lusaka na kwingine nisikokujua. Jumamosi ile timu moja ya Lusaka ilikuwa inachagua dereva mmoja. Tumpale kasi alikuwa nayo, ila kwenye skrini bapa kona alikuwa anaziona zikishafika. Bila miwani, alisema, nafasi hiyo aisahau. Ana miaka ishirini na sita na hakuwahi kuniomba kitu kingine.

Miezi mitatu alikuwa anachagua. Isiyo na waya ni nyepesi, lakini picha inachelewa kidogo, na kwenye mbio kidogo hicho ndicho kinachokupeleka ukutani. Yenye waya haicheleweshi, ila ni nzito, shingo inalalamika. Ba Nesta, mama mfanyabiashara wa Nakonde, alikuwa nazo mbili: mpya isiyo na waya, na yenye waya iliyokwisha tumika. Maagizo ya Tumpale yalikuwa nichukue yenye waya, lakini niinuse kwanza. Ikinuka jasho, niiache.

Niliinusa. Haikunuka jasho.

Ilinuka udongo uliochimbwa asubuhi.

Nikauliza ilikuwa ya nani. Ba Nesta alitazama mlangoni kabla ya kujibu.

"Chukua ile mpya, mukwai," alisema kwa adabu ya kwao, kwa sauti ya chini.

Ile mpya ilikuwa ghali zaidi, nikadhani ni maneno ya biashara. Nikabeba yenye waya.

Upande wetu, dirisha la forodha la mizigo midogo lilikuwa karibu kufungwa. Ofisa wa zamu, Gasper, tunafahamiana. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo, na nusu ya maisha yangu imeishia kwenye dirisha lile. Alikitafuta kifaa changu katika kitabu chake cha ushuru, ambacho kina nafasi hata ya manyoya ya ngamia, asikione. Tulijadiliana kama ni kofia, televisheni au kifaa cha tiba. Mwishowe nikashauri tuandike vitu binafsi vya marehemu, maana marehemu hatozwi ushuru na hana wa kumuuliza maswali. Gasper alifurahi kama mtu aliyepewa likizo.

Fomu ilikuwa na visanduku viwili: jina la marehemu na jina la mpokeaji. Marehemu sikuwa naye, nikamtunga. Andongwisye, dereva wa lori, wa Isongole. Mpokeaji awe Tumpale. Niliandika haraka, kwa tochi ya simu. Muhuri ukagonga.

Nyumbani, Tumpale alizungusha kigurudumu kidogo kilicho chini ya miwani, cha kupanga umbali kati ya macho, akakiweka kwenye milimita sitini na moja. Hicho ndicho kipimo chake. Alikuwa amejipima kwa rula mbele ya kioo. Akavaa. Muda mrefu nilimtazama akicheka peke yake. Alisema anaona kioo cha pembeni, anaona mpaka mishono ya kiti.

Kisha umeme ukakatika.

Feni ya kompyuta ilizimika. Jirani akalaani, kama kawaida yake. Nikawasha tochi ya simu, nikasubiri Tumpale avue miwani.

Hakuvua.

Usukani ulikuwa unazunguka... kushoto... kulia. Chini ya meza pedali ziligonga. Kwap. Kwap.

"Tumpale. Umeme umekatika."

"Sasa mbona bado naendesha?" alinong'ona.

Ile harufu ikajaa sebuleni. Udongo mbichi.

"Kaka... kuna mtu kiti cha kushoto."

"Anafanya nini?"

"Anasema nimekalia kiti chake."

Akasogea. Taratibu, kwa adabu, kama anayempisha mkubwa kwenye benchi la kanisa, alisogea mpaka nusu ya kiti ikabaki wazi. Usukani uliendelea kuzunguka.

Mikono yake ilikuwa mapajani.

Nilimvua ile miwani kwa nguvu. Paji lake lilikuwa la baridi. Nikamulika kigurudumu. Kilikuwa kwenye sabini na mbili. Hicho ni kipimo cha uso mpana. Si uso wa mdogo wangu.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza dirishani, nakala ya fomu mkononi, nimekuja kufuta uongo wangu. Hapo ndipo nilipoisoma kwa mwanga wa jua.

Jina la marehemu: Tumpale.

Jina la mpokeaji: Andongwisye.

Nilimweleza Gasper kwamba nimekosea visanduku. Alisikitika kiofisi. Kubadili mpokeaji, alisema, kunataka mpokeaji mwenyewe afike na kitambulisho. Nikakiri, kwa aibu, kwamba huyo mtu hayupo, nilimtunga.

Gasper aliweka kalamu chini.

"Mbona jana ulipoondoka tu alikuja kuulizia mzigo wake? Mtu wa makamo, uso mpana. Viatu vimejaa udongo."

"Ukamwambia nini?"

"Anwani yako si ipo kwenye fomu?"

Upande wa marehemu ulikuwa rahisi zaidi: alete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kwamba yu hai. Mwenyekiti wetu wa mtaa alimtazama Tumpale, akaiandika bila kushangaa, akabandika picha ndogo, akagonga muhuri. Gasper akaibana kwenye fomu. Mpokeaji alibaki kama alivyo.

Miwani nilimrudishia Ba Nesta siku ile ile. Hakuigusa. Alisema sasa ina mwenyewe. Ipo stoo kwangu, ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Jumamosi Tumpale alishindana kwa skrini bapa. Alishinda. Zile kona alizokuwa anaziona zikishafika, siku hiyo alizikata kabla hajazitazama. Timu ikamchukua, na hakushangilia. Tangu hapo hukalia nusu ya kiti, mezani, kanisani, popote. Nimemuuliza anampisha nani. Anasema amezoea tu.

Barua ya kuthibitisha kwamba yu hai inatumika miezi mitatu. Imeandikwa hivyo chini, kwa herufi ndogo. Inaisha Ijumaa hii. Nimekwenda mara mbili kuomba nyingine, na mwenyekiti anasema utaratibu hauruhusu, lazima mhusika afike mwenyewe. Tumpale anasema atafika, ila amalize kwanza mbio hizi.

Namsikia kutoka hapa ninapoandika. Usukani... pedali... usukani.

Umeme umekatika tangu saa nane mchana.