Mguno wa Dakika ya Nne

Kosa lilikuwa la dakika moja tu. Katika mwongozo wa msikilizaji wa albamu mpya ya jazi, mchambuzi aliandika: "Dakika ya nne besi inanyamaza, ngoma zinachokoza, piano inachelewa kujibu. Tega sikio: mpiga piano anaguna kwa utamu." Wapiga piano wengi wa jazi huguna wakipiga. Hakuona ajabu.

Kila mwongozo ulipimwa na mkewe kabla ya kuchapishwa. Mke hakujua noti hata moja. Asipopotea yeye, msomaji naye hapotei.

"Anaguna dakika ya tatu," mke alisema akivua hedifoni. "Masikio yako siku hizi ni ya mapambo."

"Ya nne. Nimepima."

"Basi saa yako imelewa."

Mchambuzi akarudia kusikiliza mwenyewe. Mguno ulikuwa dakika ya pili, karibu zaidi, kama mtu aliyesogeza kinywa kwenye kipaza sauti. Akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Nani anaichezea hii diski?

"Lete, tumalize ubishi," mke alisema, akachukua diski, hedifoni na mwongozo akaenda chumbani.

Mchambuzi akampigia simu fundi aliyerekodi.

"Ndugu, umeichokonoa ile kazi? Mguno unahama."

"Mguno gani?"

"Wa mpiga piano."

 Fundi akanong'ona: "Yule mzee alikuwa bubu. Homa ya utotoni ilimfunga koo. Miaka kumi nilimrekodi, sikuwahi kumsikia hata akikohoa. Nani mwingine anaisikiliza?"

Mchambuzi tayari alikuwa ukumbini, mkono ukipapasa ukuta ingawa jua la alasiri lilikuwa bado dirishani, pua ikipokea harufu ya nywele zilizoungua, na kadiri alivyokaribia mlango ndivyo mguno ulivyozidi kuwa wazi, mzito, wa kuridhika, bila besi, bila ngoma, bila piano.

"Mke wangu, vua hizo!"

Mke alikaa kitandani. Diski ilikuwa kwenye bahasha yake, haijatolewa. Waya wa hedifoni ulining'inia, haukuchomekwa popote.

Mchambuzi akazing'oa masikioni mwake. Mguno haukukoma. Ulitoka kooni mwa mkewe, midomo ikiwa imefumbwa, macho yakimwaga machozi.

Mke akavuta kalamu, na pembeni mwa mwongozo akaandika: "Si mimi."