Mita Saba za Tamar

Kila siku masomo yakiisha, Tamar hupita kwenye nguzo ya kupimia maji ya mto Tana, pale Ngao, akasoma alama, kisha akarudi mbio chumba cha kompyuta shuleni. Kipimo chake huingizwa kwenye programu ya klabu ya kompyuta. Maji yakifika mita nne, wakulima wa ukingoni hutumiwa ujumbe kwenye simu: vuneni, mto unapanda.

Programu hiyo iliandikwa na Nyevu, msichana aliyehamia kutoka Minjila muhula huu. Tangu hapo kijiji kizima kikawa Nyevu hiki, Nyevu kile. Hata Bibi Pauline, nyanya yake Tamar, alisema, "Mtoto yule ana akili. Sivuni mahindi mpaka nipate ujumbe wake."

"Anayepima maji ni mimi, Bibi."

"Kupima hata bata angepima, ila hana wa kumwambia."

Bibi alicheka. Tamar hakucheka. Kijicho kilimchoma kama mwiba wa kambare.

Jumatatu Nyevu alikwenda kunywa maji akaiacha kompyuta wazi. Tamar akaigeuza mita nne ya hatari ikawa tano. Hakuna aliyegundua. Jumanne, kwa njia ileile, akaifanya sita, Jumatano saba, kidogo kidogo, kama panya anayeng'ata huku anapuliza. Programu itaonekana mbovu, basi, na sifa za Nyevu zitapungua.

Alhamisi nguzo ilionyesha mita nne na nusu. Hakuna simu iliyolia. Bibi Pauline alikuwa barazani akisuka mkeka, anangoja ujumbe.

Mwalimu Josephine, msimamizi wa klabu, alipoona ujumbe haukutoka, alifungua kumbukumbu ya programu, ambayo huandika kila badiliko, siku yake na jina la aliyelifanya. Mabadiliko matatu ya mita za hatari, yote kwa jina la Nyevu.

"Sikuyafanya, Mwalimu," Nyevu alisema polepole.

"Sifa zimempanda kichwani," Oliver, mwanaklabu mwenzao, akanong'ona, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Basi programu tumpe mwingine," Mwalimu alisema. "Tamar, njoo ukae hapa."

Kiti alichokitamani muhula mzima kilikuwa bado na joto la Nyevu. Tamar alikishika, hakukikalia.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilitumia kompyuta yake. Na mahindi ya Bibi yangali ukingoni."

Mwalimu alimsogezea kibodi. "Ulivyoharibu, tengeneza. Sasa hivi."

"Turudishe programu nzima ya Jumapili," Oliver akasema.

"Hapana," alisema Nyevu. "Jumanne niliingiza majina ya mashamba sitini. Yatapotea."

Kwa hiyo Tamar akajaribu kulitengua lile badiliko lake la kwanza peke yake. Kompyuta ikagoma: ilitafuta tano iirudishe nne, ikakuta saba.

"Unavua shati kabla ya sweta," Nyevu alisema, bila kumtazama. "Anza na la mwisho."

Tamar akalitengua la Jumatano, saba ikarudi sita. La Jumanne, ikawa tano. La Jumatatu, nne. Majina sitini yalibaki palepale. Kijijini simu zikaanza kulia.

"Sasa tufute yale matatu kwenye kumbukumbu, Tamar asiaibike," Oliver alisema.

"Hayafutwi," Mwalimu alijibu. "Andika chini yake, Tamar: nani aliharibu na nani ametengua."

Tamar akaandika jina lake mara tatu.

Jioni darasa zima lilikuwa shambani kwa Bibi Pauline, maji yakilamba mifereji ya chini. Gunia la mwisho lilipopanda juu, Tamar alimweleza Bibi yote.

Bibi akamenya hindi.

"Ulitaka kumzamisha Nyevu, maji yakaja kwangu," alisema. "Mto hauulizi shamba la nani, na kijicho vilevile. Makosa ukiyaficha yanakaa. Yavue moja moja, na jina lako liwe juu yake. Haya, mpelekee mwenzako hindi hili, na umwombe radhi mbele ya hawa wote."

Tamar alichukua hindi, akavuka matuta kumwendea Nyevu.